Namna ya Kuisoma Mahabharata kwa Kufuata Nadhiri, Karama na Laana Zake

Wasomaji wengi wanaoifungua Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Kihindu, kwa mara ya kwanza huiweka chini kabla ya kumaliza kitabu cha kwanza kati ya vitabu vyake 18. Mawazo yake si magumu kiasi hicho, na visa vyake vinavutia kuliko riwaya nyingi za leo. Kinachowachosha ni wingi wa majina, wasimulizi wanaosimulia yale waliyosimuliwa na wasimulizi wengine, na visa vidogo vinavyokatiza kisa kikubwa kila baada ya kurasa chache. Msomaji aliyezoea kumfuata shujaa mmoja tangu kuzaliwa hadi kufa humtafuta shujaa huyo asimwone, kwa sababu kila anayeonekana kuwa shujaa humpisha mwingine.

Njia ninayoipendekeza ni kuyafuata maneno badala ya watu. Katika visa vya kale vya Kihindu, neno likishatamkwa na mtu mwenye uzito, liwe nadhiri, karama au laana, halifutiki. Aliyelitamka anaweza kujuta, na anaweza kulipunguza makali kwa kuliongezea sharti, lakini hawezi kulirudisha kinywani. Hata miungu hulazimika kutafuta upenyo wa kulipita bila kulivunja. Karibu kila tukio kubwa la Mahabharata ni deni la neno fulani lililosemwa kabla, pengine vizazi vitatu nyuma, pengine katika maisha mengine kabisa. Msomaji anayelijua hilo tangu mwanzo huacha kuuliza huyu naye ni nani, huanza kuuliza jambo hili linatokana na neno la nani, na swali hilo la pili kitabu chenyewe kiko tayari kulijibu.

Kuchagua nakala

Kwa hesabu ya jadi Mahabharata ina beti 100,000. Nakala iliyohakikiwa na wataalamu wa Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune, India, kwa kulinganisha hati za mkono zaidi ya 1,000, kazi iliyoanza mwaka 1919 na kukamilika mwaka 1966, ina beti zipatazo 75,000. Sioni sababu ya mtu anayeanza kujitwisha mzigo wote huo. Anza na nakala iliyofupishwa, ya kurasa mia tatu hadi mia tano, ili uijue njia ya kisa kizima. Baadaye tafuta tafsiri kamili kwa ajili ya vitabu vile tu utakavyotaka kuvisoma kwa kina. Tafsiri kamili ya Kiingereza ya Kisari Mohan Ganguli, iliyochapishwa kati ya mwaka 1883 na 1896, haizuiwi tena na haki miliki na inapatikana bure mtandaoni. Kiingereza chake ni cha zamani na kinachosha, ila kwa kuhakikisha jambo moja mahususi inafaa sana.

Usiitegemee filamu wala tamthilia ya televisheni kuwa ndiyo nakala yako. Si kwamba ni mbaya. Wengi wetu huku Afrika Mashariki tuliwajua Krishna na Arjuna kupitia kioo cha televisheni kabla ya kuona ukurasa hata mmoja. Tatizo ni kwamba tamthilia huchanganya maandishi ya kale na masimulizi ya baadaye bila kuonyesha mpaka ulipo. Chukua mfano wa Duryodhana kuteleza katika jumba la maajabu la binamu zake, Wapandava. Kila aliyetazama tamthilia atakuambia kwamba Draupadi, mke wa Wapandava, alimcheka na kumwambia kuwa mwana wa kipofu naye ni kipofu, na kwamba tusi hilo ndilo lililoleta vita. Katika maandishi ya Kisanskriti yaliyohakikiwa tusi hilo halimo. Msimulizi anasema waliocheka ni Bhima na nduguze pamoja na watumishi. Kisha Duryodhana, anaporudi nyumbani kumlalamikia baba yake, ndipo anapomwongeza Draupadi na wanawake wengine miongoni mwa waliomcheka. Msomaji makini ataona hapo kitu kizuri kuliko tusi lenyewe: mtu aliyefedheheka anaisimulia fedheha yake, nayo inakua mdomoni mwake.

Majina na ukoo

Kabla ya kuendelea, chora nasaba katika ukurasa mmoja, na usivuke vizazi vinne: Mfalme Shantanu na wake zake wawili, Ganga na Satyavati, wana wao, wajukuu watatu, yaani Dhritarashtra aliye kipofu, Pandu na Vidura, kisha vitukuu, ambao kwa upande wa Dhritarashtra ni Duryodhana na ndugu zake 99, pamoja na dada yao Duhshala, na kwa upande wa Pandu ni Yudhishthira, Bhima, Arjuna, Nakula na Sahadeva. Hao wa kwanza huitwa Wakaurava na hao watano huitwa Wapandava. Wengine wote wanaweza kuandikwa pembeni kadiri wanavyojitokeza.

Mtu mmoja atakuwa na majina mengi, na hilo huwavuruga wasomaji kuliko kitu kingine chochote. Arjuna huitwa pia Partha, Dhananjaya na Kaunteya. Krishna, binamu na mshauri wa Wapandava, huitwa Vasudeva, Keshava na Govinda. Karna huitwa Radheya. Mengi kati ya majina hayo yanamtaja mzazi, kama sisi tunavyosema mwana wa fulani: Kaunteya ni mwana wa Kunti mke wa Pandu, Gangeya ni mwana wa Ganga, Draupadi ni binti ya Drupada. Yaandike chini ya jina kuu kila unapokutana nayo. Usipuuze pia jina ambalo mzungumzaji amelichagua, kwa sababu anayemwita Karna Radheya anamwita mwana wa mwanamke aliyemlea, ilhali anayejua siri ya kuzaliwa kwake anajua kwamba angeweza kumwita Kaunteya.

Daftari la maneno

Sasa fungua daftari na ulipige mistari upate safu nne. Katika safu ya kwanza andika neno lililotamkwa na aliyelitamka. Katika ya pili, aliyelengwa na sababu. Katika ya tatu, sharti au upenyo uliobaki ndani ya neno hilo. Katika ya nne, mahali lilipotimia. Safu ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ni vyema kuizoeza mikono kwa visa viwili vifupi vya nje ya Mahabharata.

Mahishasura, jitu lenye umbo la nyati, alipata karama kwamba hakuna mwanamume, awe mungu au binadamu, atakayeweza kumwua. Wanawake hakuwataja, kwa kuwadharau. Miungu walipoelemewa waliziunganisha nguvu zao akatokea Durga, mungu wa kike, naye akamwua. Ushindi huo ndio unaokumbukwa katika Navaratri, mikesha tisa ambayo jamii za Kigujarati za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huicheza kwa ngoma ya garba. Hiranyakashipu alikuwa mjanja zaidi: aliomba asiuawe na mtu wala mnyama, mchana wala usiku, ndani wala nje ya nyumba, duniani wala angani, wala kwa silaha. Mungu Vishnu akamjia kama Narasimha, nusu mtu nusu simba, wakati wa magharibi, kizingitini, akampakata mapajani na kumrarua kwa kucha. Wasomaji waliokua na kisa cha Fumo Liyongo, ambaye silaha hazikumdhuru ila sindano ya shaba ikimchoma kitovuni, hawatashangaa kwamba kinga yoyote ina mahali palipoachwa wazi. Tofauti ni kwamba huku India mwenye kinga ndiye aliyepaacha wazi yeye mwenyewe kwa namna alivyoomba.

Ukishaizoea safu ya tatu, rudi kwa Shantanu, kwa maana mnyororo wa Mahabharata unaanzia hapo. Mfalme huyu alimwoa Ganga, mungu wa mto, kwa ahadi kwamba hatamwuliza kamwe juu ya jambo lolote atakalolitenda. Ganga akazaa wana saba, na kila mmoja akamtupa mtoni. Wa nane alipozaliwa mfalme alishindwa kunyamaza, akauliza, na mkewe akaondoka kwa sababu ahadi imevunjwa. Nyuma ya kisa hicho kuna neno la zamani zaidi: watoto hao walikuwa Vasu wanane, viumbe wa mbinguni waliomwibia rishi Vasishtha ng'ombe wake, na rishi huyo, mtawa mwenye nguvu za ibada, akawalaani wazaliwe duniani. Ganga alikuwa amekubali kuwafupishia maisha. Wa nane, aliyekuwa na hatia kubwa kuliko wenzake, ilimlazimu aishi sana. Huyo ndiye Devavrata.

Miaka ikapita, Shantanu akampenda Satyavati, binti wa mkuu wa wavuvi. Baba wa msichana akakataa kumtoa mpaka aahidiwe kwamba mjukuu wake ndiye atakayerithi kiti cha enzi. Devavrata akaenda mwenyewe kwa mvuvi na kuuacha urithi. Mvuvi akamwambia kwamba yeye anamwamini, ila hawezi kuwaamini wana atakaowazaa. Devavrata akaapa papo hapo kwamba hataoa wala kugusa mwanamke maisha yake yote. Tangu siku hiyo aliitwa Bhishma, yaani wa kutisha, na baba yake akampa karama ya kufa siku atakayoichagua mwenyewe.

Hapa daftari lako lina mistari miwili iliyoandikwa kwa nia njema kabisa. Angalia yanayofuata. Wana wawili wa Satyavati wanakufa bila kuacha mtoto. Satyavati anamsihi Bhishma awazalishe wajane ili ukoo usikatike, Bhishma anakataa kwa sababu ya kiapo, ijapokuwa mvuvi ambaye kiapo kilimlenga hana tena wa kumtetea, na Satyavati mwenyewe, ambaye kiapo kilikuwa kwa faida yake, ndiye anayeomba kivunjwe. Inabidi aitwe Vyasa, mwana ambaye Satyavati alimzaa kabla ya ndoa na ambaye kwa jadi ndiye mtunzi wa utenzi wenyewe. Mjane wa kwanza anafumba macho kwa kuogopa sura ya mtawa huyo, anazaliwa Dhritarashtra kipofu. Wa pili anapauka kwa hofu, anazaliwa Pandu mwenye rangi iliyopauka. Kwa mjakazi anazaliwa Vidura, mwenye busara kuliko wote lakini asiyeweza kurithi. Mkubwa haoni na kwa hiyo hatawali, mdogo anatawala kisha anakwenda msituni, na wana wa pande zote mbili wanakua wakiamini kuwa ufalme ni wao. Vita vya siku 18 katika uwanda wa Kurukshetra vimo tayari katika mistari miwili ya kwanza ya daftari. Binafsi, kadiri ninavyoisoma sehemu hii, ndivyo ninavyozidi kumwona Bhishma kuwa mtu aliyeupenda uaminifu wake kuliko watu aliokuwa mwaminifu kwao. Wapo wasomaji wengi wa Kihindu watakaonipinga, nao wana hoja.

Usiache kuandika pia mstari wa Amba. Bhishma alimteka yeye na dada zake wawili huko Kashi ili waolewe na mdogo wake. Amba alikuwa ameshampenda Mfalme Shalva. Aliporudishwa kwake alikataliwa, na Bhishma naye asingeweza kumwoa kwa sababu ya kiapo kilekile. Akafanya ibada kali hadi mungu Shiva akampa karama ya kumwangusha Bhishma katika maisha mengine, akajitosa motoni, akazaliwa upya kuwa Shikhandi. Siku ya kumi ya vita Shikhandi anatangulizwa mbele, Bhishma anakataa kupigana na mtu aliyezaliwa mwanamke, na Arjuna anampiga mishale kutoka nyuma ya Shikhandi. Karama ya Shantanu nayo haikuvunjika: Bhishma alilala juu ya kitanda cha mishale kwa mikesha 58, akilisubiri jua ligeuke kwenda kaskazini, ndipo akaruhusu roho itoke.

Kisa cha Amba kinafundisha jambo la kiufundi. Mambo yake yanatokea wakati wa kitabu cha 1, lakini Bhishma anayasimulia kwa urefu mwishoni mwa kitabu cha 5, usiku wa kuamkia vita. Ndivyo Mahabharata inavyopenda kufanya: matokeo hutangulia na sababu hufuata. Kwa hiyo usihofu kuiacha safu yenye nafasi tupu. Andika tukio, acha sababu, endelea kusoma.

Karna, rafiki wa Duryodhana, ndiye atakayekuachia nafasi tupu nyingi kuliko wote. Alizaliwa na Kunti kabla ya kuolewa, kwa sababu rishi Durvasa alimpa msichana huyo maneno ya kumwita mungu yeyote amtakaye, naye akayajaribu kwa kumwita Surya, mungu wa jua. Mtoto alizaliwa na deraya na vipuli visivyotoka mwilini, akawekwa katika kikapu, akatupwa mtoni, akalelewa na mwendesha magari ya farasi na mkewe Radha. Baadaye, kwa kuwa alikuwa ameweka nadhiri ya kutomnyima kitu Brahmani, mtu wa tabaka la makuhani, Indra, mfalme wa miungu, alimjia kwa umbo la Brahmani akamwomba deraya na vipuli. Karna alimtambua, na bado akavikata mwilini akampa. Alilipwa mkuki wa kutumika mara moja tu, akauhifadhi kwa ajili ya Arjuna, na akalazimika kuutumia usiku wa siku ya 14 kwa Ghatotkacha, mwana wa Bhima. Siku ya 17 gurudumu la gari lake likazama ardhini na maneno ya silaha yake kuu yakamtoka akilini, naye akauawa. Sababu za mambo hayo mawili, yaani laana ya Brahmani ambaye ng'ombe wake aliuawa kwa bahati mbaya na laana ya mwalimu wake Parashurama ambaye Karna alimdanganya kuhusu tabaka lake, zinaelezwa kwa kirefu mwanzoni mwa kitabu cha 12, Karna akiwa ameshafariki na nduguze ndiyo kwanza wamejua kwamba waliyemwua ni kaka yao. Anayeisoma sehemu hiyo bila daftari huiona ni nyongeza isiyo na maana. Mwenye daftari hujaza nafasi zake, na mara nyingine hulazimika kusimama kidogo.

Mara nyingi utakuta tukio moja lina sababu mbili, moja ya kibinadamu na nyingine ya mbali zaidi. Draupadi aliolewa na ndugu watano kwa sababu Kunti, bila kugeuka kuona walichokileta, aliwaambia wanawe wagawane. Lakini Vyasa anaeleza pia kwamba katika maisha yaliyopita binti huyo alimwomba Shiva mume mara tano. Paja la Duryodhana lilivunjwa na Bhima kwa sababu Bhima aliapa hivyo siku Duryodhana alipomfunulia Draupadi paja lake barazani, lakini pia kwa sababu rishi Maitreya alimlaani kwa kujipiga paja kwa dharau wakati akipewa nasaha. Maitreya aliongeza sharti: wakipatana na Wapandava, laana haitashika. Andika zote mbili. Usichague moja kwa madai kwamba nyingine ni ya kishirikina, kwa maana utenzi unazitaka ziende pamoja.

Mpangilio wa kusoma

Kitabu cha 1 kinafungua kwa wasimulizi: Ugrashravas anawasimulia watawa wa msitu wa Naimisha yale aliyoyasikia Vaishampayana akimsimulia Mfalme Janamejaya, kitukuu cha Arjuna, katika kafara ya kuwachoma nyoka. Nakushauri uiruke sehemu hiyo kwanza, uanzie kwa Shantanu, na uirudie ukishamaliza vita. Ukiirudia utaona kwamba nayo imejengwa kwa maneno yaleyale: baba wa Janamejaya aliumwa na nyoka Takshaka kwa laana ya kijana aliyeona baba yake amevishwa nyoka mfu begani, nyoka walikuwa wamelaaniwa na mama yao Kadru kuchomwa katika kafara hiyo, na kafara ilisimamishwa na Astika kwa sababu mfalme alikuwa amempa ruhusa ya kuomba lolote.

Kitabu cha 2 soma chote, polepole. Cha 3 ni kirefu na kina visa vya pembeni ambavyo vinaweza kusomwa kimoja kimoja. Usikose kile cha Savitri, aliyemfuata Yama, mungu wa mauti, akiwa ameichukua roho ya mumewe Satyavan. Yama, kwa kupendezwa na maneno yake, alimpa karama moja baada ya nyingine isipokuwa uhai wa mume, na Savitri akaomba azae na Satyavan wana mia moja. Yama alipokubali ilimbidi amrudishe mume. Cha 4 ni chepesi na kina vichekesho. Cha 5 ni cha usuluhishi ulioshindikana, na kwa maoni yangu ndicho chenye hotuba bora kuliko vyote.

Vitabu vya 6 hadi 9 vina majina ya majemadari wa Wakaurava kwa zamu: Bhishma, Drona aliyekuwa mwalimu wao wa silaha, Karna na Shalya. Bhagavad Gita, mazungumzo ya Krishna na Arjuna yenye sura 18 na beti 700, imo katika kitabu cha 6, kabla ya mshale wa kwanza kurushwa; isome peke yake, kwa nakala yenye maelezo, usiipitie mbio kama hotuba ya kabla ya pigano. Vitabu vya 10 na 11 ni vifupi na vizito: mauaji ya waliolala, kisha maombolezo ya wanawake. Vya 12 na 13 ni mafundisho ya Bhishma akiwa amelala juu ya mishale, marefu mno. Mara ya kwanza chukua ule mwanzo unaomhusu Karna na uache yaliyobaki. Cha 16 usikiache. Hapo laana ya Gandhari, mke wa Dhritarashtra, aliyemwambia Krishna kwamba ukoo wake utaangamizana katika mwaka wa 36, inakutana na laana ya watawa waliofanyiwa mzaha na vijana wa ukoo huo, na zote mbili zinatimia kwa siku moja.

Baraza la dadu

Kuna mahali pamoja ambapo daftari pekee halitoshi, napo ni katika kitabu cha 2. Yudhishthira, akicheza dadu na Shakuni, mjomba wa Duryodhana, amepoteza mali, ufalme, ndugu zake, nafsi yake mwenyewe, na mwisho akamweka Draupadi rehani akampoteza. Mjumbe anapomfuata Draupadi, yeye anamrudisha na swali: je, mume wake alijipoteza mwenyewe kwanza, au alimpoteza yeye kwanza? Kama alikuwa ameshakuwa mtumwa, alikuwa na haki gani ya kuweka rehani mtu mwingine?

Sehemu hii isome kama unavyosoma mashauri mahakamani. Orodhesha waliokuwamo, halafu andika kila mmoja alisema nini. Bhishma, mjuzi wa sheria kuliko wote, anasema njia ya dharma, yaani wajibu na haki, ni nyembamba na hawezi kulijibu swali. Vikarna, mmoja wa ndugu wa Duryodhana, anasimama peke yake kumtetea Draupadi, na Karna anamnyamazisha. Vidura anaonya. Drona anakaa kimya. Mwishowe Dhritarashtra, akiwa ameingiwa na hofu, anampa Draupadi karama: ya kwanza anaomba uhuru wa Yudhishthira, ya pili uhuru wa wale wanne, na ya tatu anaikataa. Swali lake halijibiwi. Msomaji anayetafuta watu wema wote upande mmoja na waovu wote upande wa pili atakwama hapa, na afadhali akwame mapema, kwa sababu baadaye Wapandava nao watamwua Drona kwa uongo wa nusu kweli juu ya kifo cha mwanawe, na Bhima atampiga Duryodhana chini ya kiuno kinyume cha kanuni za rungu.

Kuuliza wenye dini yao

Visa hivi ni sehemu ya dini hai. Ukimwuliza jirani au mwenzako wa kazini ambaye ni Mhindu, usianze kwa kumwambia kwamba unasoma ngano za kwao. Mwulize ni kisa gani alisimuliwa nyumbani kwao, na kwa namna gani. Huenda akakusimulia toleo lisilolingana na kitabu chako, kwa mfano kwamba Gandhari alifungua kitambaa alichojifunga machoni kwa ajili ya mumewe kipofu na kumfanya mwanawe awe mgumu kama chuma isipokuwa mapajani. Hakuna haja ya kumsahihisha. Liandike katika ukurasa wa nyuma wa daftari pamoja na mahali ulipolisikia, kwa sababu masimulizi ya nyumbani yana historia yake. Ukialikwa hekaluni wakati wa Diwali au siku nyingine, vua viatu mlangoni, vaa nguo za heshima, na uliza kabla ya kupiga picha mbele ya sanamu.

Ukihamia Ramayana

Daftari hilohilo litakufaa kwa Ramayana ya Valmiki, yenye beti zipatazo 24,000 katika vitabu saba, na mwendo wake ni rahisi zaidi kwa kuwa unamfuata Rama moja kwa moja. Mstari wa kwanza ni wa Mfalme Dasharatha, aliyemwahidi mkewe Kaikeyi maombi mawili baada ya kuokolewa naye vitani. Kaikeyi anayadai usiku wa kuamkia kutawazwa kwa Rama, akitaka mwanawe Bharata atawale na Rama aende msituni kwa miaka 14. Safu ya sababu utaijaza usiku wa kifo cha mfalme, anapomsimulia Kausalya, mama wa Rama, jinsi alivyomwua kwa mshale, pasipo kukusudia, kijana aliyekuwa akichota maji, na jinsi baba kipofu wa kijana huyo alivyomlaani afe kwa uchungu wa kutengana na mwana. Mstari wa Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka Sita, mke wa Rama, unafanana na ule wa Mahishasura: aliomba kinga dhidi ya miungu na majini, akawaacha binadamu kwa kuwaona si kitu, na Vishnu akazaliwa binadamu.

Kitabu cha saba kiache hadi mwisho. Wataalamu wengi wanakihesabu kuwa kiliongezwa baadaye, pamoja na sehemu kubwa ya kile cha kwanza, lakini kwa kazi ya daftari kina manufaa, kwa sababu humo mna laana aliyoitoa Nalakubara juu ya Ravana, inayoeleza kwa nini Ravana hakuthubutu kumlazimisha Sita muda wote aliomfungia Lanka. Ukifika hapo, rudi kitabu cha tano, uzisome upya kauli za Ravana bustanini mbele ya Sita, hasa pale anapompa miezi miwili ya kukubali.